Lakabu, Jazanda na Fahamu ya Siasa: Mazungumzo ya Umma Mitandaoni katika Kahawa Sukari na Viunga vya Barabara ya Thika

Utangulizi

Imezoeleka katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki kwamba mtafiti huelekea kijijini, akamtafuta fanani mzee, akaandika ngano na methali kabla hazijapotea. Kahawa Sukari haikubaliani na picha hiyo. Ni mtaa wa wapangaji na wenye nyumba, wa wanafunzi na watumishi wa ofisi, wa wauza mboga na waendesha bodaboda, uliopo kando ya barabara kuu ya Thika, jirani ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ingeikuta sehemu hii ikiwa bado imezungukwa na mashamba makubwa. Ile ya mwaka 2019 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na watu takriban 490,000. Watu hao wametoka pande zote za Kenya. Hawana baraza moja la kukutania, wala mti mmoja wa kukaa chini yake. Wanachokishiriki ni simu ya mkononi.

Mazungumzo yao ya kisiasa katika WhatsApp, Facebook, TikTok na X (iliyoitwa Twitter hadi mwaka 2023) hayajapewa nafasi ya maana katika idara za lugha. Wataalamu wa sayansi ya siasa wameyashughulikia. Kitabu cha Nanjala Nyabola cha mwaka 2018 kuhusu demokrasia ya mitandaoni nchini Kenya ni mfano unaojulikana. Lakini kwa mintarafu ya lugha yenyewe, hukumu inayotolewa aghalabu ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza husema kwamba mazungumzo haya ni kelele: matusi, uvumi, ukabila na Kiswahili kilichoharibika. Ya pili husema kwamba ni sauti ya umma ulioamka, na kwa hiyo hayahitaji kuhakikiwa bali kushangiliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu zote mbili zina kasoro moja: zinatazama maudhui zikasahau fani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba fahamu ya siasa ya mtu wa kawaida haiko juu wala chini kwa asili yake. Hubadilika kufuatana na fani anayoitumia kuizungumzia siasa. Kila fani humwonyesha jambo moja na kumficha jingine.

Kwa sababu za haki na usalama, hayakunukuliwa hapa mazungumzo ya mtu binafsi yeyote. Mifano iliyochaguliwa ni maneno yaliyokwisha kuwa mali ya umma, yanayosikika Kahawa Sukari kama yanavyosikika Githurai, Thika na Nairobi.

Mizizi ya Fani

Yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba mazungumzo haya hayana ukoo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), yaliyotungwa wakati wa ushindani baina ya Mombasa, Lamu na Waomani, yalikuwa siasa ya kila siku. Yalipita kutoka kinywa hadi kinywa, yakajibiwa, yakafumbwa na kufumbuliwa. Mshairi wa upande mmoja alitupa fumbo; wa upande wa pili alilipokea na kulirudisha likiwa na ncha mpya. Katika nchi ya Wagikuyu kulikuwa na gĩcaandĩ, utungo wa mafumbo na majibizano ulioimbwa na mafundi wawili mbele ya watu, ambao Kimani Njogu ameuchunguza kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 uliibuka wimbo wa kucheza ulioitwa Mũthĩrĩgũ, uliowakejeli wamishenari, maofisa na wafuasi wao. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku mwaka 1930. Na katika Kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walishiriki mwaka 1977 kuirekebisha na kuiigiza tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, hata leseni ya maonyesho ikaondolewa, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo.

Sifa tatu zinaunganisha mifano hiyo na mazungumzo ya mitandaoni. Kwanza, utungo hauna mmiliki. Kila anayeupokea ana haki ya kuuongeza. Pili, hoja hutolewa kwa majibizano, si kwa hotuba. Tatu, aliye na mamlaka hatajwi kwa jina lake bali kwa jina alilopewa na watu. Sifa hii ya tatu, yaani lakabu, ndiyo kitovu cha uchambuzi unaofuata.

Wilbaro: Jazanda ya Kazi

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, neno lililotawala mazungumzo lilikuwa hasla, yaani mtu anayehangaika kujipatia riziki bila mlango wa kupitia. Kinyume chake kilikuwa dainasti, ukoo unaorithishana mali na madaraka. Chama cha United Democratic Alliance kilichukua wilbaro kuwa alama yake, na mgombea wake, William Ruto, akajitambulisha na muuza mboga na mwendesha bodaboda. Sehemu kubwa ya wapiga kura wa Kiambu ilimpa kura.

Ni rahisi kudai kwamba watu walidanganywa kwa alama. Ukweli ni mgumu zaidi. Jozi ya hasla na dainasti ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwa siasa ya umma nchini Kenya kugawanywa hadharani kwa tabaka badala ya kabila. Mpangaji wa Kahawa Sukari aliyetoka Kisii aliweza kujiona upande mmoja na jirani yake aliyetoka Murang'a, kwa kuwa wote wawili walilipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Hapo jazanda ilifichua jambo la kweli.

Lakini wilbaro ni chombo kinachosukumwa na mtu mmoja. Jazanda hii ilionyesha kazi, ikaficha mtaji. Haikuuliza nani anamiliki ardhi, nani anakopesha na kwa riba gani. Hasla aliyesawiriwa ndani yake hakuwa mfanyakazi anayedai ujira, bali tajiri mdogo ambaye bado hajafika. Ndiyo maana mfuko wa mikopo uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, uliotoa mikopo kuanzia shilingi 500, ungeweza kuelezwa kuwa ni utimizaji wa ahadi: jazanda yenyewe haikuwa imedai zaidi ya hapo.

Upungufu huo ulidhihirika tarehe 27 Machi 2023, wakati kundi la watu lilipovamia shamba la Northlands la familia ya Kenyatta, lililo katika eneo hilo hilo la Ruiru, likaiba kondoo na kukata miti. Mbele ya tukio hilo jazanda ilijikwaa. Aliyelifurahia angeweza kusema kwamba dainasti imeonja uchungu wa mahasla. Aliyelichukia angeweza kuuliza ni nani atakayekuwa salama ikiwa mali ya mtu huvunjwa mchana. Katika mtaa ambao wakazi wake wengi wamenunua au wanatamani kununua kipande cha ardhi, swali hilo la pili halikuwa la matajiri peke yao. Jazanda iliyowaunganisha watu katika malalamiko haikuwa na neno lolote la kuwasaidia kupambanua baina ya swali la historia ya umilikaji wa ardhi katika Kiambu na uhalifu wa siku moja.

Zakayo: Jazanda ya Kodi

Mwaka 2023 ushuru wa thamani kwenye mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara yakaanzishwa. Lakabu iliyotawala ikawa Zakayo, na wito wake ukawa Zakayo shuka. Asili yake ni mtoza ushuru wa Yeriko katika Injili ya Luka, sura ya 19, kisa kinachojulikana na kila aliyepita shule ya Jumapili.

Wahakiki wengi waliliona jina hili kuwa tusi tu. Likichunguzwa kifani, linabeba zaidi. Kitenzi kushuka kina maana mbili: kuteremka kutoka mtini na kuteremka kutoka kitini. Mti wenyewe, katika Biblia ya Kiswahili, ni mkuyu. Kwa msikilizaji wa Kiambu neno hilo liko karibu mno na mũkũyũ, mti ambao kwa mapokeo jina la Wagikuyu hunasibishwa nao. Si lazima kudai kwamba kila aliyeitumia lakabu hii alikusudia kusema kwamba rais aliukwea mkuyu wa Mlima Kenya ili aonekane. Katika fasihi simulizi inatosha kwamba lugha inairuhusu maana hiyo na kwamba mazingira yanaialika. Zaidi ya hayo, Zakayo wa Injili haangamizwi. Anashuka, anatubu, anaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Lakabu hii basi inabeba ndani yake dai la kurudisha. Mtu aliyeimba wito huo alikuwa anasema, kwa ufupi usioweza kushitakiwa kwa urahisi, kwamba kodi isiyo na huduma ni dhuluma inayopasa kulipwa.

Hata hivyo, Zakayo ni mtu mmoja. Kodi ya dola la kisasa haitozwi na mtu mmoja. Hupendekezwa na Wizara ya Fedha, hupitishwa na Bunge, husukumwa na madeni na masharti ya wakopeshaji. Lakabu ilimsogeza rais karibu hata akaonekana kuwa chanzo cha kila jambo, ikawaacha wabunge kivulini. Hatari ya lakabu ni hiyo: hutoa hukumu ya kimaadili iliyo sahihi, kisha huipeleka kwa mshitakiwa mmoja ilhali kesi ina washitakiwa wengi.

Juni 2024: Fani Mbili Zakutana

Ni kwa sababu hiyo kwamba mwezi wa Juni 2024 unastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha kwa namna ya pekee. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, pamoja na mengine, ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kilichotokea mitandaoni hakikuwa wingi wa lakabu tu. Vijana waliuchukua muswada wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri katika Kiswahili, Sheng na lugha za kwao, wakaueleza kwa video fupi. Wengine walitengeneza programu za kompyuta za kuujibia maswali. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, na kitenzi cha heshima, kusalimia, kikapewa kazi mpya: kumsalimia mbunge kukawa na maana ya kumjaza ujumbe hata aseme atapiga kura gani.

Hapa lakabu ilifungwa pamoja na fani nyingine kabisa, yaani ufafanuzi wa matini. Msomi wa fasihi angetambua mara moja kazi iliyokuwa ikifanyika: matini ngumu ya kisheria inafasiriwa, inafafanuliwa, inajadiliwa na hadhira inayobishana juu ya maana ya neno moja. Kazi hiyo hufanywa darasani kwa mashairi. Matokeo yake katika fahamu yalikuwa dhahiri. Kutoka kwa Zakayo peke yake, mazungumzo yalifika kwa mbunge wa jimbo, kwa kamati ya fedha, na hata kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo lilitajwa katika mabango ya waandamanaji. Tarehe 18 Juni ushuru wa mkate na kodi ya gari viliondolewa. Tarehe 25 Juni muswada ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Tarehe 26 rais akakataa kuutia sahihi.

Lakini usiku ule wa tarehe 25 ulionyesha pia upande wa pili. Taarifa za milio ya risasi huko Githurai, hatua chache tu kutoka Kahawa Sukari, zilienea kwa kasi, na idadi ya waliouawa ikatajwa kwa tarakimu zilizohitilafiana mno. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitangaza baadaye, tarehe 1 Julai, kwamba waliouawa nchini kote katika maandamano walikuwa 39. Mhakiki anayekimbilia kusema kwamba umma ulivumisha uongo amesahau jambo moja. Uvumi hushamiri pale taarifa rasmi inapochelewa au isipoaminika. Ndivyo ilivyokuwa kwa masimulizi ya njiani ya Kinshasa katika zama za Mobutu. Na anayekimbilia kuutetea kila uvumi amesahau jingine: jamaa wa marehemu wanahitaji idadi ya kweli, kwa maana haki haidaiwi kwa tarakimu inayoweza kukanushwa.

Hisa: Jazanda ya Kampuni

Lau hadithi ingeishia hapo, ingewezekana kudai kwamba fahamu ya umma ilipanda ngazi moja na kubaki huko. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Oktoba 2024 Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, aliondolewa madarakani na Bunge na Seneti. Miongoni mwa mashitaka dhidi yake yalikuwa maneno aliyoyatoa mwaka 2023, alipoifananisha serikali na kampuni yenye wanahisa, ambayo waliowekeza kura nyingi wanastahili gawio kubwa.

Jazanda ya hisa ilipata makao katika sehemu nyingi za Mlima Kenya, Kiambu ikiwamo. Kwa wengi kuondolewa kwake hakukuwa suala la mwenendo wa afisa wa umma, bali la mbia aliyenyang'anywa sehemu yake. Inafaa kutambua mvuto wake. Jazanda hii huzungumza lugha ya chama cha akiba na mikopo, ya kikundi cha kununua kiwanja, lugha ambayo mkazi wa Kahawa Sukari anaiishi kila mwezi. Inampa mpiga kura haki ya kudai, haimfanyi mwombaji. Lakini inafuta jambo lililo msingi wa Katiba ya mwaka 2010, kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, si ya waliochangia. Chini ya jazanda ya hisa, mpangaji aliyetoka Turkana ana kipande kidogo cha serikali kuliko jirani yake, ingawa wote wawili wanakatwa asilimia 1.5 ile ile. Miezi minne tu ilipita tangu vijana watangaze kwamba hawana kabila, chama wala kiongozi. Na sehemu ya umma ule ule ikaanza kuhesabu hisa.

Badiliko hilo halielezeki kwa kusema kwamba watu walierevuka Juni na kupumbaa Oktoba. Palikuwa na sababu nyingi za kisiasa, ambazo si kazi ya makala haya kuzimaliza. Lakini kwa upande wa lugha, tofauti ni hii: Juni kulikuwa na matini ya kusoma; Oktoba kulikuwa na mtu wa kumlilia au kumcheka. Hati ya mashitaka ilikuwepo, na wapo walioisoma, lakini haikufasiriwa na kujadiliwa na umati kama ulivyofanyiwa muswada.

Baadaye mwaka huo lakabu Kasongo, iliyotokana na wimbo wa bendi ya Orchestra Super Mazembe, ilichukua nafasi ya Zakayo vinywani mwa wengi. Katika mwaka 2025 likaenea neno wantam, lililokopwa kutoka Kiingereza kwa maana ya muhula mmoja, na wafuasi wa serikali wakajibu kwa tutam, mihula miwili. Majibizano haya, yenye silabi chache na vina kamili, ni gungu la siku hizi. Yana maendeleo fulani: wantam haimtaji mtu bali kipindi cha ofisi, na kwa hiyo iko karibu zaidi na Katiba kuliko Kasongo. Lakini yanasema lini, hayasemi kwa ajili ya nini. Anayeitikia wantam hajalazimika kusema ni kodi ipi ifutwe na hospitali ipi ijengwe.

Wajibu wa Idara za Lugha

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanajitokeza.

La kwanza ni kuhusu usanifu. Maneno kama hasla, wantam na salimia yamekataliwa na baadhi ya walimu kwa kuwa si sanifu. Lugha ya mashairi ya Muyaka nayo ilikuwa Kimvita cha mtaani mwake. Swali linalofaa kuulizwa juu ya neno la umma si kama limo katika kamusi, bali limewezesha fikira gani na limezuia ipi.

La pili ni kuhusu uhifadhi. Mashairi ya Muyaka yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya baada ya mtunzi kufariki. Diwani ilichapishwa mwaka 1940, karne moja baadaye, na uchunguzi wa Mohamed Abdulaziz ukatoka mwaka 1979. Tungo za mitandaoni zinapotea upesi zaidi: akaunti hufungwa, video hufutwa, kikundi huvunjwa. Chuo kikuu kilichopakana na mtaa huu hakina udhuru wa umbali. Lakini ukusanyaji wake unahitaji tahadhari ambayo Taylor hakuihitaji. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijitabu alichokitia jina lililo swali. Mwezi wa Juni 2025 mwalimu mmoja kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa ajili ya chapisho kuhusu ofisa mkuu wa polisi alifia katika kituo cha polisi jijini Nairobi. Hazina ya tungo isiyoficha majina ya watunzi wake yaweza kugeuka orodha ya washukiwa. Kutojulikana kwa mtunzi, ambako katika fasihi simulizi kulihesabiwa kuwa sifa ya kifani, sasa ni ngao.

La tatu, na lililo zito kuliko yote, ni ufundishaji. Ikiwa ni kweli kwamba umma uliona mbali zaidi pale ulipounganisha kejeli na ufafanuzi wa matini, basi ujuzi unaofundishwa katika idara hizi, yaani kusoma kwa makini, kufasiri, kupima jazanda, si pambo la wasomi. Ni ujuzi ambao raia waliutumia Juni 2024 bila kusubiri kufundishwa. Bajeti husomwa kila mwaka. Miswada huchapishwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Kaunti hutoa mipango ambayo mkazi wa Kahawa Sukari hulipia bila kuielewa. Tafsiri nzuri ya muswada mmoja katika Kiswahili kinachosomeka, ikitolewa mapema kabla ya kura, yaweza kuwa na thamani sawa na makala mengi ya nadharia.

Lakabu haitakwisha, wala haifai ikwishe. Ni namna ya watu ya kukataa kuogopa. Inachohitaji ni mwenzake: matini mkononi mwa yule anayecheka.